Diski iliyofichwa mochari: Fundi wa Kitale na watu 143 wasio na majina

Saa mbili na nusu asubuhi, Nafisa Shafi ameinama juu ya kompyuta iliyofunguliwa kifuniko, sikio lake la kulia likikaribia kugusa chuma. Nje, wachuuzi wa viatu vya mitumba wanaita wateja kwa vipaza sauti. Ndani, wateja watatu wameketi kwenye benchi kimya kabisa, kwa sababu amewaomba wanyamaze.

"Hii diski bado iko," anasema hatimaye, akinyoosha mgongo. "Inakwaruza, lakini iko. Rudi kesho jioni."

Mwenye kompyuta, mwalimu wa shule ya msingi aliyepoteza matokeo ya mitihani ya muhula mzima, anashusha pumzi na kuondoka.

Nafisa, mwenye umri wa miaka 44, ni fundi wa kompyuta mjini Kitale. Kibanda chake ni chumba kimoja chenye meza mbili na rafu iliyojaa mashine ambazo mafundi wengine wameshazikatia tamaa. Kwa kazi moja hutoza kati ya shilingi 1,500 na 3,000. Mwezi ukiwa mzuri hubaki na takriban shilingi 35,000 baada ya kulipa kodi ya chumba, na mwezi ukiwa mbaya mumewe, Abdi, anayeuza betri na vifaa vya sola mjini Bungoma, huziba pengo.

Alizaliwa na kulelewa Bungoma, karibu na msikiti, binti wa fundi wa cherehani. Mzee Shafi alikuwa akimfunga macho kwa kitambaa na kumwambia aitaje cherehani iliyoharibika kwa mlio tu.

"Baba alikuwa ananiambia mashine haijui kudanganya," anasema. "Mwenye mashine anaweza kukudanganya. Mashine yenyewe, hapana."

Ujuzi wake wa mifumo ya ukoo wa Unix, ile inayoendeshwa kwa kuandika amri badala ya kubofya picha, aliupata katika kampuni moja ya mbegu mjini Kitale alikoajiriwa kama mpiga chapa. Fundi wa kampuni alipoacha kazi ghafla, seva iliachwa bila mtu. Nafisa alibaki nayo, na kitabu kinene cha maelekezo, kwa miaka sita.

Ujuzi huo haukumpa jina kubwa. Vijana wengi wa siku hizi hutengeneza simu, na mifumo hiyo ya zamani imebaki kwa watu wachache. Lakini Machi mwaka 2024, ulimpeleka kwenye chumba ambacho mpaka leo akikizungumzia hushusha sauti.

Hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Bungoma, ambayo uongozi wake umeomba isitajwe jina, ilikuwa inasafisha stoo zake. Kulikuwa na kompyuta tisa kuukuu zilizotakiwa kuuzwa kama vyuma chakavu. Sheria inataka kwamba kabla ya mashine kama hizo kutoka, fundi azifute na kuthibitisha kwa maandishi kuwa hazina taarifa za wagonjwa. Nafisa aliahidiwa shilingi 6,000. Gari la mnunuzi lingekuja Ijumaa.

Alifika Jumatatu asubuhi. Kompyuta nane zilikuwa katika chumba cha utawala, na alizimaliza kabla ya saa nane mchana. Ya tisa ilikuwa kwenye stoo inayopakana na mochari.

Aliyempeleka huko ni Wekoye, mhudumu wa mochari tangu mwaka 2012. Ni mtu mtaratibu, ambaye kila asubuhi akifungua mlango huwasalimu waliolala ndani kabla ya kuwasha taa. Alifungua stoo, akasimama kizingitini.

"Madam, hiyo moja usiiguse kwanza," alimwambia.

"Kwa nini?"

"Hiyo huwa inapumua."

Nafisa alidhani anatania. Akamtazama usoni, akaona hatanii.

"Si unajua vile mtu mwenye homa ya mapafu hupumua? Hivyo tu. Stima ikipotea inanyamaza. Stima ikirudi inaanza. Na haijachomekwa popote, nimeangalia mimi mwenyewe. Hata mwenzangu wa zamu ya pili alikataa kuingia hapa."

Stoo haikuwa na dirisha. Kompyuta ilikuwa sakafuni nyuma ya kabati la chuma, imefunikwa na shuka la hospitali, haina skrini. Nafisa alipiga magoti, akafunua shuka. Kweli, ilikuwa inawaka. Kitaa kidogo cha kijani kilimtazama kupitia vumbi.

Aliufuata waya wake kwa vidole. Haukwenda kwenye soketi ya ukuta. Ulishuka nyuma ya kabati, ukaingia kwenye tundu lililotobolewa chini ya ukuta, ukatokea upande wa pili, ukaungana na laini ya umeme wa majokofu. Majokofu yakipata stima, nayo ilipata. Kiwandani mashine hiyo ilikuwa imewekewa uwezo wa kujiwasha yenyewe umeme ukirudi.

"Nikamwambia Wekoye, si jini, ni waya tu," anakumbuka Nafisa. "Lakini nilipomwambia hivyo, yeye akaniuliza swali. Akasema, sasa huo waya nani aliupitisha hapo, na kwa nini?"

Alileta skrini kutoka ofisini, akaiunganisha. Kioo kikawa cheusi kwa muda, kisha yakatokea maandishi meupe. Yalikuwa ya Kiswahili.

"Tuko 143. Hatujaenda popote."

Nafisa aliyasoma mara tatu. Alipogeuka kumwonyesha Wekoye, Wekoye alikuwa ameshatoka nje.

Ujumbe wa kukaribisha watumiaji si jambo la ajabu katika mifumo ya aina hiyo. Mwenye mashine huandika anachotaka: jina la ofisi, onyo, hata utani. Nafisa alilijua hilo. Alijua pia namna ya kuingia bila neno la siri ukiwa umekaa mbele ya mashine yenyewe, akaingia. Kitu cha kwanza alichotazama ni daftari ambamo mfumo hujiandikia kila unapowaka.

Tangu Juni 2011 mashine hiyo ilikuwa imewaka mara 611. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameingia. Mara zote 611 ilikuwa imeandika kwamba wako 143 na hawajaenda popote, kwenye skrini ambayo haikuwapo.

"Nilitoka nje nikasimama kwa jua kidogo," anasema.

Aliporudi aliamua kufanya kazi aliyoitiwa. Akaiambia mashine imwonyeshe diski zake ili azifute. Mashine ikajibu kwamba ina diski moja, ndogo, ambayo ndani yake hamna chochote ila mfumo wenyewe. Hata karatasi ya fundi wa mwaka 2011, aliyetumwa na uongozi wa wakati huo, ilikuwa imebandikwa ubavuni ikisema vivyo hivyo: hakuna kumbukumbu.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ndipo akainamisha kichwa, kama alivyofundishwa na baba yake.

"Skrini ilikuwa inaniambia diski moja. Masikio yangu yalisikia mbili."

Moja ilikuwa na mlio mwembamba wa haraka. Ya pili ilikuwa nzito, ya chini, inapanda na kushuka. Hiyo ndiyo aliyoiita Wekoye pumzi.

Alifungua ubavu wa kompyuta. Chini kabisa, imefungwa kwa skrubu nne, kulikuwa na diski ya pili ya aina ya zamani iliyotumika kwenye seva, yenye waya mpana kama utepe. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa inazunguka, na kompyuta iliyoibeba haikuwa inaiona.

Ili kompyuta iongee na kifaa chochote inahitaji draiva, programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho. Draiva isipokuwepo, kifaa hubaki kama mgeni mlangoni asiyeeleweka anachosema. Nafisa aliiwasha mashine upya na kuyasoma polepole maandishi yanayopita kwa kasi wakati wa kuamka. Katikati, mstari mmoja wa Kiingereza ulisema, kwa maana yake, kwamba kuna kifaa hapa lakini hakijasanidiwa, yaani hakijawekewa draiva.

"Yaani mashine ilikuwa inajua kuna mtu chumbani," anasema. "Ilikuwa tu haijui ni nani."

Njia rahisi ingekuwa kuing'oa diski na kuipeleka Kitale. Lakini waya wa aina ile haukuwa na pa kuchomekwa kwenye mashine yoyote kibandani kwake, na hata kama pangekuwapo, kitu chochote chenye taarifa za wagonjwa hakiruhusiwi kutoka nje ya ua wa hospitali. Ilibidi mashine ile ile ikubali kuiona diski yake.

Katika mfumo wa aina ile, draiva huorodheshwa kwenye faili la mipangilio, kisha kiini cha mfumo hujengwa upya kufuata orodha hiyo. Nafisa alilitafuta faili. Lilikuwa na jina MOCHARI, kwa herufi kubwa. Alishuka mstari baada ya mstari hadi penye draiva za diski.

Mistari miwili ilikuwa imewekewa alama ya reli (#) mwanzoni, alama inayouambia mfumo upite bila kusoma. Juu yake mtu alikuwa ameandika:

"Nimezizima mimi mwenyewe. Wakubwa wanataka hawa watu wafutwe mashine iuzwe. Fundi wao akija ataona diski moja. Wewe unayesoma hapa, kama una nia nzuri, toa reli. B. M."

Nafisa alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea kabati.

"Nilijiuliza kama mimi nina nia nzuri," anasema. "Kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeitwa kufuta."

Nafisa alipomfuata nje na kumsomea, Wekoye alizijua herufi zile bila kufikiri. B. M. ni Bramwel Mukhwana, aliyeshika kazi hiyo kabla yake, mtu aliyejifunza kompyuta kutoka kwa fundi mmoja wa kujitolea na ambaye, kama Wekoye alivyosikia kwa wenzake, "alikuwa anapenda hiyo mashine kama ng'ombe wa maziwa." Nafisa anaamini ndiye aliyeificha mashine nyuma ya kabati na kuupitisha waya ukutani, ili siku moja mtu aisikie. Aliachishwa kazi mwaka 2011. Alifariki mwaka 2013.

Jumanne asubuhi Nafisa aliingia ofisini kwa mtawa anayesimamia hospitali sasa, ambaye hakuwepo enzi hizo, akamweleza alichokuta. Mtawa alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Hao 143 ni nani?"

"Sijui, Sista. Nipe muda nikujulishe."

"Gari linakuja Ijumaa saa nne. Una mpaka hapo."

Kutoa reli mbili ni kazi ya sekunde. Kujenga kiini upya kwenye mashine ya umri ule ni kazi ya saa tano, na katika saa hizo stima haitakiwi kupotea hata mara moja. Nafisa kwanza alikihifadhi kiini cha zamani kwa jina lingine, ili mambo yakiharibika awe na pa kurudi. Jumatano saa tatu asubuhi alianza.

Alikaa peke yake na mashine ile, mlango ukiwa wazi. Ukuta wa mochari ulikuwa baridi kwa kugusa. Herufi zilipanda skrini. Saa nane kasoro, ikiwa imebaki chini ya saa moja, stima ikapotea.

"Giza lilikuwa la ghafla, kama mtu amenifunika," anasimulia. "Ule mlio mwembamba ulikata mara moja. Lakini ule mwingine, ule mzito, haukukata. Uliendelea. Ukapungua polepole, polepole, kama mtu anayesinzia akiwa bado anataka kusema kitu. Najua ni diski nzito inachukua muda kusimama. Najua hivyo. Lakini nilisema Bismillah kwa sauti."

Umeme ulirudi jioni, kazi yote ikiwa imepotea. Usiku huo mumewe alimwambia aachane nayo, kwani mambo ya maiti si ya kuchezea. Nafisa hakubishana naye. Alimwonyesha tu maneno ya Bramwel, aliyokuwa ameyanakili kwenye kikaratasi. Abdi aliyasoma, akakirudisha kikaratasi. Alhamisi saa moja asubuhi alikuwa langoni mwa hospitali na betri mbili kubwa za sola na kigeuzi cha umeme nyuma ya bodaboda.

"Sijaja kwa sababu ya mashine," alimwambia mkewe. "Nimekuja kwa sababu ya huyo mtu. Ameomba vizuri."

Saa saba mchana kazi iliisha. Nafisa akaiwasha mashine upya. Maandishi yakapita. Alipofika mahali pale pa mgeni asiyejulikana, mstari ulikuwa umebadilika: diski ya gigabaiti 18 imepatikana, imepewa jina na namba. Sauti nzito ndani ya kompyuta ikapanda, ikatulia, kisha ikaanza kukwaruza kwa haraka, kama kalamu juu ya karatasi.

Wekoye, ambaye wiki nzima hakuwa amevuka kizingiti, alikuja kusimama nyuma yake.

Nafisa hakufungua faili lolote. Kwanza alinakili diski nzima, kazi iliyochukua saa mbili zaidi, kwa sababu diski iliyolala muda mrefu inaweza kufa mara tu ikiamshwa. Kisha akatazama.

Zilikuwa folda saba, za mwaka 2005 hadi 2011. Ndani yake faili 143. Kila moja ilikuwa na picha na maelezo mafupi. Wote walikuwa watu walioletwa hospitalini au mochari bila kitambulisho, wasichukuliwe na ndugu yeyote, na baada ya muda wa kisheria wakazikwa kwenye makaburi ya umma. Daftari la karatasi lililokuwa na habari zao liliharibiwa na mvua miaka mingi iliyopita. Hospitali iliamini hazikuwepo tena popote.

Nafisa alizitazama zote, moja baada ya nyingine, mchana ule.

"Sikuogopa nyuso. Kilichonisimamisha nywele ni leso."

Katika kila picha, kwa miaka saba, mtu yule amefunikwa hadi kidevuni kwa leso moja ile ile, kanga ya maua ya manjano. Bramwel alikuwa akiwafumba macho, akiwafuta uso, akiwafunika leso, ndipo anapiga picha. Wote walionekana kama watu wa nyumba moja waliolala mchana.

Chini ya kila picha alikuwa ameandika alichokiona: nguo, kovu, jino lililong'oka. Na kwa wale waliofika wakiwa bado hai, aliandika maneno yao ya mwisho.

Faili ya 97 ilisomeka hivi: "Mwanamume, miaka kama arobaini. Jumanne, Agosti 18, 2009. Amegongwa na lori, ameletwa na wasamaria. Sweta ya kijani, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Simu wala kitambulisho hana. Nilikaa naye. Saa tisa na dakika ishirini alisema kwa Kisabaot, nami nakielewa kidogo: Chepkemei, funga lango la ndama. Hakusema tena. Makaburi ya umma, safu ya nne, la kumi na moja."

Nafisa aliisoma kwa sauti. Wekoye akamshika bega.

"Soma hilo jina tena," alisema.

Kuna mama mmoja wa Saboti, Wekoye alieleza, ambaye kila Agosti huja kukaa kwenye benchi la nje ya mochari kutoka asubuhi hadi saa kumi. Haombi kitu. Husaini kitabu cha wageni, hukaa, huondoka. Katika kitabu jina lake ni Chepkemei.

Ijumaa saa nne gari la vyuma lilikuja. Lilibeba kompyuta nane.

Chepkemei, mwenye miaka 61, aliwasili Jumatatu iliyofuata akiwa na binti yake Jepkoech. Mumewe, Zachary, aliondoka nyumbani Saboti alfajiri ya siku ile ya Agosti 2009 kwenda Bungoma kutafuta pampu ya maji. Hakurudi. Walimtafuta Kitale, Webuye na Eldoret. Hata katika hospitali hii walifika, miezi minne baadaye, wakatafutiwa jina lake daftarini, wakaambiwa halipo. Tangu hapo, kila Agosti, Chepkemei alirudi kwenye benchi lile, kwa kuwa Bungoma ndiko mumewe alikokuwa anakwenda.

"Miaka saba ilipoisha korti ikaniambia niandike kwamba amekufa," Chepkemei anaeleza. "Nikaandika, kwa sababu ya shamba. Lakini mimi sikuwa nimeuliza kama amekufa. Nilikuwa nimeuliza yuko wapi."

Ofisini kwa mtawa, kabla ya Nafisa kufungua chochote, mama huyo alianza mwenyewe kueleza kuhusu sweta. Ilikuwa imetoboka kiwiko. Aliishona usiku wa kuamkia safari, na uzi wa kijani ulikuwa umeisha.

"Nikatumia nyekundu. Akanicheka. Akasema watu wa Bungoma watamjua kwa kiwiko."

Nafisa alimwonyesha picha. Chepkemei aliitazama kwa muda mrefu, mkono ukiwa shavuni. Hakulia. Alisema tu kwamba hiyo leso ni nzuri.

Kisha Nafisa akamsomea maneno. Alipofika kwenye lango la ndama, Jepkoech aliinuka kwenye kiti, akakaa tena.

"Saa ngapi?" mama aliuliza.

"Saa tisa na dakika ishirini. Mchana."

Chepkemei akageuka kwa binti yake, akamwambia, "Wewe sema. Nikisema mimi watasema ni uzee."

Jepkoech alikuwa na miaka tisa mwaka huo. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa ameketi barazani na mama yake wakipukuchua mahindi.

"Mama aliinuka ghafla," anasema. "Akasema, 'Nakuja,' kama mtu ameitwa. Akaenda mpaka boma la ng'ombe, akafunga lango la ndama. Liliachwa wazi kweli. Aliporudi akaniuliza, 'Baba yako amepita wapi?' Nikamwambia, hajakuja. Akasema, 'Si ndiye ameniita saa hii?'"

Anakumbuka saa kwa sababu kipindi cha salamu za mchana ndicho kilikuwa kinaisha redioni.

Mwandishi alimuuliza Nafisa anachofikiria kuhusu hilo.

"Mimi ni fundi. Nilisoma kile kiliandikwa, na saa iliyoandikwa. Mama naye alisema kile alisikia. Hayo mawili yamekutana mbele yangu. Sijaongeza kitu, na sitatoa kitu."

Ilichukua miezi minne kupata kibali cha mahakama. Julai mwaka huo, katika safu ya nne, kaburi la kumi na moja, walikuta walichoambiwa, na kipande cha sufu ya kijani ambacho udongo haukukimaliza. Zachary alizikwa upya Saboti, ng'ambo ya boma la ng'ombe, mlima unaoinuka nyuma ya kijiji ukionekana wote siku hiyo. Nafisa na Abdi walihudhuria. Wekoye alisoma mstari mmoja wa maandishi ya Bramwel mbele ya waombolezaji: "Nilikaa naye."

Baada ya hapo Nafisa alimtafuta mjane wa Bramwel, Wilkista, anayeishi kando ya barabara ya Webuye. Alitaka ajue alichofanya mumewe. Wilkista alimsikiliza akichambua mboga, bila kuinua uso, mpaka alipotajiwa leso ya maua ya manjano.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Ya harusi. Niliitafuta hii nyumba yote, tukakosana mpaka na shemeji. Yeye ananiambia ati pengine imepeperushwa na upepo." Aliweka mboga chini. "Alikuwa anarudi na vidole vimejikunja kwa baridi na sabuni. Namuuliza, unafua nini huko? Ananiambia, nafua ya wageni."

Leo, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, mashine haipo tena sakafuni nyuma ya kabati. Iko juu ya meza, ina betri yake mwenyewe na skrini yake. Taarifa zake zimenakiliwa mara tatu na kutunzwa mahali tofauti, kwa idhini ya hospitali. Watu wanne wametambuliwa baada ya Zachary: mwanamke wa Kimilili, ndugu wawili waliokufa katika ajali moja, na mzee mmoja aliyekuwa ameacha wajukuu kumi na mmoja. Kila mara Nafisa hubadilisha namba ile kwenye skrini kwa mkono wake.

Anachotaka sasa ni kuwafikia waliobaki. Machifu wa Bungoma na Trans Nzoia wamepewa maelezo ya nguo na alama, bila picha. Stesheni moja ya redio ya lugha ya nyumbani imekubali kuyasoma kila Jumapili baada ya ibada. Nafisa anapanga pia kuwafundisha mafundi wawili katika kila mji namna ya kuamsha diski za zamani, kwa sababu anaamini kuna stoo nyingine zenye vitu vinavyozunguka bila mtu kuvisikia.

"Diski ina umri wake, na wazazi wana umri wao," anasema. "Ninashindana na vyote viwili. Kabla sijafikisha miaka hamsini nataka kila mmoja kati ya hawa awe ameulizwa na mtu wake."

Kwa kazi hii halipwi. Kila Alhamisi hufunga kibanda Kitale, hupoteza mapato ya siku nzima, na kwenda Bungoma kuketi kwenye chumba kidogo alichopewa na mtawa, mlango ukiwa wazi upande wa benchi.

Alhamisi tuliyomtembelea, mzee mmoja alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi, kofia magotini. Alisema amesikia tangazo la redio. Kijana wake alipotea mwaka 2007. Nafisa alimsogezea kiti, akamletea chai, akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe.

"Sijui nianzie wapi," mzee alisema.

"Anza na jina lake, baba," Nafisa alimwambia, akishika kalamu. "Litaje pole pole, niliandike lote."